Karata Aliyoichagua Bibi kwa Macho

Karata za Faustini zilinuka kahawa. Si kahawa ya kunywa, ile inayouzwa kwenye migahawa ya Kimihurura hapa Kigali ikiwa imechorwa jani juu ya povu. Nasema kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya porini kisha zikakaushwa, ambazo watu wa Karagwe humpa mgeni hata kabla hawajamwonyesha kiti. Alikuja na karata hizo ndani ya kopo la buni. Buni zenyewe zilikuwa zimekwisha siku nyingi, ila harufu yake ilikuwa imegoma kuhama. Alipozichanga, chumba chetu cha Busanza, ambacho kilikuwa bado kinanuka rangi mpya ya ukutani, kilijaa harufu ya nyumba ya watu nisiowajua. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sasa nina kumi na sita, kwa hiyo wasomaji wenye mvi watanicheka nikisema “zamani zile”. Wacheke tu. Kila mtu ana zamani yake. Hata kifaranga wa wiki mbili analikumbuka ganda.

Faustini ni mtoto wa mama yangu mdogo. Familia yetu ilirudi Rwanda kutoka Karagwe kabla mimi sijazaliwa, lakini mama mdogo alikuwa ameolewa kule, akabaki. Baadaye mumewe akafariki, na mwaka ule yeye akapata kazi ya ndani Oman, akamleta mwanawe Kigali na begi moja, akasema ni kwa muda. Nyumba ni ya Mama, ambaye huamka mapema kwenda ofisini, na Baba ni dereva wa malori, yuko njiani zaidi ya alivyo nyumbani. Kwa hiyo serikali ya nyumba ilikuwa Bibi, mzaa Mama, na serikali hiyo ilikuwa na sheria. Kitu cha mtoto hakikai juu ya kitu chake. Sahani yake hailali chini ya sahani yangu kabatini, kitenge chake hakifunikwi na suruali ya mtu kwenye beseni la nguo, na juu ya Biblia yake usithubutu kuweka hata kiberiti. Mimi nilizivunja sheria hizo kila siku, nikaadhibiwa kila siku, tukazoeana. Faustini alizishika zote tangu siku ya kwanza bila kufundishwa, kwa sababu kule alikokulia nako ni hivyo hivyo. Nilimwona msaliti.

Tatizo lake lilikuwa kimya. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kutushinda wote, kila neno limevaa ngeli yake, wakati sisi watoto tunaoshinda kwenye ngazi za jengo tulisema “kitabu iko wapi” na dunia ikaendelea kuzunguka. Lakini Kinyarwanda hakuwa nacho. Shuleni wakamrudisha nyuma madarasa mawili, mvulana wa miaka kumi na minne akakaa dawati moja na watoto ambao meno yao ya mbele yalikuwa bado yanaota. Wenzangu wa jengoni wakamwita Mutanzaniya, wakawa wanamsalimia kwa kuigiza lafudhi yake kisha wanakimbia. Akafunga mdomo, kwanza nje, halafu na nyumbani. Bibi hakupenda. “Kimya kingi kina mshindo mkubwa,” alimwambia Mama jikoni, nami sikio langu likiwa mlangoni, ambako ndiko makazi yake ya kudumu. Alisema mtoto asiyesema anaficha kitu, na kwamba baba yake mkubwa kule Karagwe ana duka la vifaa vya ujenzi na amekuwa akimwulizia. Shule zikifunguliwa, heri arudi huko. Mama aliomba subira. Nilipompelekea Faustini habari hizo alikuwa amekaa kitandani, akakunja soksi ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Kumbe alishawahi kuishi kwa baba mkubwa huyo, alilala stoo kwenye mifuko ya saruji. “Kule shule ni ya watoto wake,” akasema, na huo ndio ukawa mkutano wetu mzima.

Sasa likizo ilikuwa ndefu, na simu pekee yenye michezo iliondoka na Mama kila asubuhi. Siku moja nikamkuta Faustini amepanga karata juu ya shuka, nikamganda mpaka akakubali kunifundisha. Nilimwonya mapema kuwa mikono yangu ni ya kuangusha. Kuna glasi nyingi kaburini zinazoweza kutoa ushahidi. Akasema mazingaombwe yake hayataki mikono ya haraka. Mikono ilale, akili ndiyo ihesabu, na mdomo umshughulishe mtu. Mdomo nilikuwa nao. Akaanza na rahisi kabisa: kabla hujaanza unachungulia karata ya chini. Mtu anachagua yake, anaiangalia, anairudisha juu, anazikata, na bila kujua ile ya chini inakwenda kukaa jirani na yake. Ukizifunua moja moja, ukimwona jirani, basi mwenye nyumba yuko mlango unaofuata. Nilifurahi hadi nikaharibu. Nilipomwona jirani nilicheka kabla ya kufika kwa mwenye nyumba, na Faustini akaniambia kwa upole kwamba mganga hachekei ramli yake.

Halafu akanifundisha ile ya ishirini na moja. Unapanga safu tatu, karata saba saba. Mtu anachagua kwa macho tu, haigusi wala haitaji, anakuonyesha safu ambayo karata yake imo. Unakusanya, safu yake ukiiweka katikati ya zile nyingine mbili, unapanga upya, unamwuliza tena, unaiweka tena katikati. Ukifanya hivyo mara tatu, karata yake itakuwa ya kumi na moja kutoka juu, upende usipende, hata kama wewe ni mjinga. Kipengele hicho cha mwisho kilinigusa. Shida yangu ilikuwa kwamba nilihesabu huku midomo ikicheza, kila mtu anaona. Faustini akanitafutia dawa: nitafune bablishi, midomo ipate sababu. Haba na haba hujaza kibaba. Ilipofika wiki ya pili nilikuwa naweza kumdanganya hata Mama, ambaye kazi yake ni kukagua hesabu za watu wazima.

Tukaenda ngazini. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja za mtaa, wakubwa wote wako nje wanazibua mitaro na kufyeka majani, watoto tumejaa kwenye ngazi kama nzige. Faustini alipanga karata juu ya kipande cha boksi, mimi nikasema kwa niaba yake. Kevini wa ghorofa ya chini, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa kuigiza lafudhi, akachagua kwa macho huku amekunja uso kama mhasibu. Faustini akamtolea karata yake. Kevini akamtazama, akasema “ongera”, yaani rudia. Tukarudia. Ongera. Wakaanza kudai karata zihesabiwe kwa sauti, wasije wakaibiwa, na wakamlazimisha azihesabu yeye mwenyewe kwa lugha yao. Rimwe, kabiri, gatatu. Alipokosea walimcheka, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika. Kilikuwa cha kumcheka mtu ambaye hutaki aondoke. Mwisho wa wiki iliyofuata alikuwa anafika cumi na rimwe, yaani kumi na moja, bila kujikwaa, na watoto walimgongea mlango wakimwita kwa jina alilobatizwa. Nyumbani bado alikuwa bubu. Mbele ya Bibi alijibu “ndiyo Bibi” na “hapana Bibi”, basi, na Bibi hakuwa amepanda wala kushuka ngazi siku zile isipokuwa kwa ajili ya kanisa, maana goti lilikuwa linamsumbua. Kwake yeye mtoto hakuwa amebadilika hata kidogo.

Kisha Bibi akaliona kopo. Alikuwa anatandika vitanda, pua yake ikamwambia Karagwe, akalifungua mate yakiwa tayari yamejaa mdomoni. Hebu fikiria hasira ya mtu aliyetegemea buni akakutana na shetani. Katika kanisa lake karata ni kamari, na kamari ni mlango ambao ukishaingia hutoki na viatu. Alituita sebuleni wote wawili, Mama naye akiwapo, akasema sasa ameelewa kimya kile kilikuwa kinaficha nini. Hakuna haja ya kungoja shule zifunguliwe. Kesho, akitoka kanisani, atampigia baba mkubwa simu. Faustini alisimama mikono nyuma. Nilimtazama nikitegemea atajitetea, nikaona anatazama begi lake lililokuwa juu ya kabati, kana kwamba anapima litaingia nini.

Mdomo uliponza kichwa, lakini siku ile niliutumia wote. Nilisema si kamari, hakuna hela, ni hesabu tu, muulize Mama. Mama akasema ni kweli, ni hesabu, na ingekuwa vizuri Bibi aone kwanza ndipo ahukumu. Bibi ni mkali lakini si dhalimu. Alisema yeye vitu vile havigusi. Nikamwambia hahitaji kugusa, anachagua kwa macho tu. Akavuta kiti, mwiko wa maharage ukiwa bado mkononi, akasema haya.

Faustini akapanga safu tatu mezani. Bibi akazitazama muda mrefu, akaelekeza mwiko kwenye safu ya kushoto. Faustini akakusanya, na mimi nikaona kwa macho yangu safu ya Bibi ikienda juu. Si katikati, juu kabisa. Nikakohoa. Akapanga tena, Bibi akaelekeza mwiko, na safu yake ikaenda tena juu. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, hakunitazama. Mara ya tatu ikawa hivyo hivyo. Kisha akaanza kuhesabu, akizifunua moja moja kama alivyozoea ngazini, rimwe, kabiri, na Bibi akainua nyusi kusikia Kinyarwanda kikitoka mdomoni mwa bubu wake. Cumi na rimwe ilikuwa saba ya maua. Faustini akaisogeza mbele yake kwa mikono miwili.

“Siyo,” akasema Bibi. “Yangu ilikuwa nne ya uru. Umeitoa ya kwanza kabisa, nikadhani unanichezea.”

Mama akamtazama Bibi. Mimi nikamtazama Bibi. Jina la uru halifundishwi kanisani. Lakini haikuwa saa ya kuuliza, kwa sababu nilikuwa tayari nimebwata kwamba Faustini ameharibu makusudi, safu yake ilitakiwa ikae katikati, wapumbavu wote wanajua, hata mimi najua. Bibi akaninyamazisha kwa mwiko, akamgeukia yeye, akamwuliza kama ni kweli alijua inapotakiwa kukaa. Akasema ndiyo Bibi. Basi kwa nini hakuiweka? Pakawa kimya, na nikajua kimya hicho ndicho kitakachompeleka kwenye mifuko ya saruji.

“Ningekuwekaje chini ya za watu wengine, Bibi?” Faustini akasema hatimaye. “Nilijaribu. Mara zote tatu nilijaribu. Mkono ulikataa.”

Mwiko ulidondosha mchuzi kwenye sakafu, kosa ambalo kwa kawaida lina adhabu yake, na mwenye mwiko hakuona. Alimtazama kijana yule kama mtu anayesoma barua kwa mara ya kwanza bila miwani ya kuazima. Kisha akainuka kwa goti lake bovu, akaelekea jikoni, na akiwa mlangoni akageuka.

“Kesho nikitoka kanisani utanirudia. Na uniweke hapo katikati, nione kama nitakufa.”

Hakufa. Jumapili ile, saa iliyokuwa ya kumpigia baba mkubwa simu, alikaa mezani akaelekeza mwiko mara tatu, na nne yake ile ile ya uru ikatoka ya kumi na moja, akaguna. Simu ilibaki kwenye chaji. Shule zilipofunguliwa Faustini alikuwa bado yuko kwetu, na mdomo wake ukafunguliwa nazo.

Leo watoto wa jengo letu wanajifunza mazingaombwe kwenye simu, wana vidole vya haraka kama mijusi, na wanaifanyia kamera badala ya mtu. Wiki iliyopita tulimwonyesha mdogo wake Kevini ile yetu ya ishirini na moja. Akasema anaijua, ni hesabu tu, akarudi kwenye kioo chake. Simlaumu, nami simu yangu hukaa chini ya dawati wakati wa jiografia. Ila najua kwamba karata zetu zisingefanya kazi bila mtu kukaa mbele yako akakutazama usoni, na kwamba mtu huyo akishakaa, hata ukikosea unaweza kuwa umepata. Mama mdogo bado yuko Oman. Lile “kwa muda” limefika mwaka wa nne, na hakuna anayelitaja tena. Faustini ana miaka kumi na minane, anasimulia vichekesho kwa Kinyarwanda vizuri kuliko mimi niliyezaliwa nacho, anabishana na redio, anabishana kwa simu na Baba aliye njiani, anabishana na mchungaji. Juzi wakati wa taarifa ya habari, Bibi alimwomba, tafadhali baba, anyamaze kidogo asikie dunia inasemaje.