Kocha mkuu kanibebesha mabao matatu

Jamani, leo nimeuzwa mchana kweupe.

Timu yetu ya chuo imefungwa tatu bila huko Matai. Mimi ni kocha msaidizi, nasimamia mabeki.

Kabla ya mechi nilimwambia kocha mkuu, "Mwalimu, upepo unatupiga usoni. Mabeki wasipande, watapigiwa mipira ya juu."

"Timu ni yangu. Wapandishe."

Nikawapandisha. Yakaingia matatu, yote mipira ya juu.

Mkuu wa chuo akauliza kulikoni. Kocha, bila hata kunitazama: "Mabeki? Muulize msaidizi."

Mbele ya wachezaji wote! Nyie mngevumilia?

Kwenye basi akaja kukaa na mimi. "Usinune, mdogo wangu. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Ningesema tumefungwa."

Akahama siti.