Kimya cha Baada ya Wimbo wa Nane

Kuna mwalimu wa kwaya aliyevuliwa joho kwa sababu yangu. Sikumchongea kwa mtu. Nilimtengenezea CD vizuri kuliko alivyoomba, basi.

Siku hizo kompyuta yenye kuchoma CD ilikuwa kitu cha kutamba nacho Dodoma. Yangu ilikaa kwenye kibanda karibu na stendi, nimeifunika kanga kwa ajili ya vumbi. Nilijiona fundi kweli. Mteja akianza kunielekeza kazi, nilikuwa naitikia tu huku masikio nimeyatia pamba.

Mwalimu huyu alitoka upande wa Chamwino, mama wa makamo, mpole wa sauti. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniwekea mezani CD ya kwaya yake. Alitaka nakala za kuuza kanisani kwao siku ya sikukuu ya mavuno.

"Nakili hivi hivi ilivyo, mwanangu," alisema. "Usiongeze, usipunguze."

Alipoondoka nikaanza kuzihamishia nyimbo kwenye kompyuta. Jalada lilisema nyimbo nane, lakini wa nane ulikuwa mrefu ajabu. Nikaufungua kwenye programu inayochora sauti: mawimbi, kisha mstari mnyoofu wa dakika nne, kisha mawimbi tena, makubwa zaidi. Kumbe baada ya kimya kile kulikuwa na wimbo mwingine, wa Kigogo, kina mama wanaimba na kupiga muheme, ile ngoma yao ya jadi, na mwalimu mwenyewe anaongoza. Ulikuwa mtamu kuliko yote nane.

Nikawalaani watu wa studio kwa uzembe. Nikakata pale kimya kilipoanzia, nikakata kilipoishia, nikakitupa. Wimbo wa Kigogo nikaupa namba tisa, na jalada nikalichapa upya. Kazi ilikula asubuhi nzima, nami nikajisifu kimoyomoyo. Mwalimu alizifuata zikiwa zimefungwa kwenye boksi, akawahi basi bila kulifungua.

Jumapili ya mavuno waliipiga CD hiyo kwenye spika za kanisa, wakati wa kunadi mazao. Wa nane ukaisha, na kabla mtu hajanyanyua mkono kuzima, muheme ukalia mbele ya wazee walewale waliopiga marufuku ngoma za jadi kanisani.

Hayo alinieleza mwalimu mwenyewe, aliporudi kibandani wiki iliyofuata. Hakupandisha sauti.

"Wazee wetu wakisikia kimya, wanazima redio," alisema. "Wale wanaotaka wimbo wetu tuliwanong'oneza wasubiri. Sasa wamenisimamisha. Nakaa kwenye benchi, wenzangu wakisimama kuimba."

"Nilidhani ni makosa ya studio, mwalimu."

"Nilikwambia usipunguze."

Niliona aibu. Aliniambia kwa Kiswahili chepesi kabisa, nami nikamwona mama wa kijijini asiyejua CD ni nini. Nikaomba radhi, na kwa kuwa fundi haachi ufundi wake, nikamwahidi kuzichoma zote upya bure, na kimya chake nikirudishe.

"Hata dakika kumi nitaweka," nikasema.

Alitabasamu kidogo, akajifunga kanga yake vizuri kwa safari.

"Wazee wameshajua, mwanangu. Hata ukiweka saa nzima, watakaa wasubiri."