Siku Niliyowanawisha Mashabiki Mikono

Wanaonicheka sokoni wanicheke tu, hata mimi ningekuwa wao ningecheka, lakini acheni leo niseme hii mambo kwa kinywa changu, juu vile inasimuliwa hapa Kasongo inaniuma kuliko vile ilivyotokea. Kuna wanaosema nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Kuna wanaosema niliwapenda wale vijana wa mupira (mimi, bibi wa wajukuu!). Uongo mutupu. Nilikuwa na akili zangu zote na heshima zangu zote, na ni hiyo heshima ndiyo iliyonivua nguo mbele ya watu.

Neema ni binti wa ndugu yangu, yule munayemujua kama Papa Neema. Mimi ndiye shangazi, watoto wananiita Tantine Riziki, na kwetu siku wakwe wanakuja kuomba binti, kazi iko ya shangazi. Mama muzazi anajificha jikoni, hapaswi kuonekana wala kusikika. Binti anakaa ndani mpaka aitwe. Baba anaenda kungojea wageni barabarani, na shangazi anabaki mulangoni kupokea. Neema alikuwa anafundisha shule ya musingi kule Kabambare, na huko ndiko alijuana na Musafiri, kijana muuguzi, mutoto wa watu. Mimi hao watu wa Musafiri sikuwa nimewaona hata siku moja. Aliyewajua ni Neema, na ndugu yangu aliyewahi kwenda mara moja kuwasalimia. Shikeni hapo.

Bon. Siku waliyopanga kuja ikaangukia siku ileile ya mechi kubwa, ekipe yetu na ekipe ya Salamabila, na ndugu yangu akaja kuniambia polepole, maana ananijua, ati Yaya, dada yangu, tusogeze mbele kidogo, hawa mashabiki waende kwanza. Nikamujibu kwamba arusi ya mutoto wetu haingojei mupira. Neno moja tu. Angekuwa mutu mwingine angeshauriana, lakini mimi nikishasema nimesema.

Na wale mashabiki jamani, niwaambie ukweli, mpaka leo nikiwakumbuka nasikia damu inachemka. Walifika siku mbili mbele ya mechi, pikipiki juu ya pikipiki, watatu watatu na wengine wanne, matawi ya mitende mbele, honi usiku na muchana, sura zimepakwa rangi ya kijani. Chemchemi tunayochota maji ya kunywa wakaoshea pikipiki, ikabaki matope na mafuta. Jirani yangu wakamubomolea lupango lake, uzio wa miti, wakachomea nyama. Shamba langu la mihogo nyuma ya nyumba wakaligeuza choo, na nilipowafokea mumoja akanijibu, akiwa amechuchumaa palepale, ati Mama, sisi ni wageni wenu. Wageni wa nani? Nani aliwaalika? Wakubwa waliopanga hiyo mechi walipanga mupira na wakapanga kikombe, lakini watu watalala wapi, watakula nini, watajisaidia wapi, hawakupanga hata kitu kimoja, wakatuachia sisi.

Siku yenyewe tukaamka mapema. Mbuzi akapikwa, wali, kuku, sombe ya majani ya mihogo yenye mawese, bugali kama mulima. Tukafunga bashi uani, turubai la kivuli, tukakodi viti vya plastiki. Bamama wa jirani wakaleta vitenge vipya, tuvitandike kutoka mulangoni mpaka chini ya bashi, wakwe wapite juu yake. Ndugu yangu akaenda njia panda kungojea.

Mara tunasikia honi. Pikipiki nyingi, matawi mbele, watu wanaimba. Sasa niambieni ninyi wenyewe, wakwe wanakujaga namna gani? Si na pikipiki, si na matawi, si na honi? Ningetuma mutu mumoja tu aende achungulie, hii hadithi isingekuwepo. Mimi nikapiga makofi nikasema tandikeni! Vitenge chini, vigelegele juu, na zile pikipiki zikapunguza mwendo, zikasimama, watu wakashuka wakaangalia vile vitenge, wakaangaliana, wakaingia.

Na hapa ndipo wanaonicheka hawanielewi. Mukwe haangaliwi usoni. Unapiga magoti, unainamisha kichwa, unamumiminia maji mikononi, macho yako yako kwenye beseni. Mimi siku ile niliona miguu na mikono, basi. Niliona viatu vya matope, nikasema njia ya Kabambare ni mbaya. Niliona mikono ya kijani, nikajiuliza hii rangi ni ya nini, nikajijibu mwenyewe (ona akili!) kwamba labda walikuwa wanapaka rangi nyumba ya bibi arusi. Ndugu yangu alisema watakuja wazee wachache, na hapa naona miguu haiishi. Nikasema ukoo mukubwa ni baraka. Kumuuliza mukwe unatoka wapi, au kumuambia chakula hakitatosha, hiyo kwetu ni aibu isiyofutika, kwa hiyo nikanawisha, nikanawisha, mpaka kiuno kikauma.

Wakala. Hapana, kula si neno lake. Mumoja alipuliza tarumbeta juu ya sufuria ya wali. Mwingine akafunga muguu muzima wa mbuzi ndani ya jani la ndizi akaweka kwenye mufuko. Mwingine akajitupa kwenye mukeka tuliomutandikia binti, mukeka mupya kabisa, akakoroma. Na mumoja, Mungu anisamehe, akaenda nyuma ya jiko kukojoa, karibu na pale Mama Neema alijificha na sufuria zake, na yeye maskini hawezi kupiga kelele, maana mama mukwe hasikiki, akabaki anashika mudomo, machozi yanamutoka kwa hasira. Aliniita kwa mukono, nikaenda, akanionyesha mukuta wenye maji. Nilikasirika, nikameza. Nikamuambia vumilia, mukwe ni mukwe.

Kulikuwa na mumoja mutu muzima, amevaa kofia na koti, anaongea vizuri, anashukuru Mungu, anashukuru wenyeji. Huyo nikamuchukua kuwa musemaji wa ukoo. Na kila saa ananihimiza, Mama, tufanye haraka, saa inakwenda. Nikaona labda wanataka kurudi mbele ya mvua. Ndugu yangu harudi, nikafikiri wamepishana njiani. Basi nikaamua kumaliza kazi peke yangu. Nikamutoa Neema.

Nikamutoa amefunikwa kitenge, bamama wanaimba, nikamusimamisha katikati ya bashi. Kwetu binti anaulizwa mbele ya watu wote, na lile jibu lake ndilo linafunga au linavunja. Akisema anawajua, mazungumuzo yanaendelea. Akisema hawajui, wageni wanabeba vitu vyao wanarudi, na halisemwi mara ya pili. Nikamufunua, nikasema kwa sauti ya kutosha mutaa muzima:

"Neema, hawa watu unawajua?"

Mutoto akainua macho. Akaangalia huku, akaangalia kule, akaangalia yule anayekoroma kwenye mukeka wake.

"Hapana, Tantine. Siwajui."

Vigelegele vikakatika. Nikamuuliza tena kwa kumubana mukono, akasema tena hawajui. Nikawaka. Nilimusema yule mutoto maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka nataka kujipiga: kwamba anatuaibisha, kwamba miezi yote hii anaongea na Musafiri kwenye simu mpaka kuku wanalala, kwamba mama yake ameshinda kwenye moshi juu yake, na leo watu wa bwana yake wamekula wameshiba ndiyo anasema hawajui. Analia, anasema, Tantine, waangalie basi. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nikainua macho.

Sura za kijani. Filimbi shingoni. Yule wa kofia akavua kofia yake, angalau yeye alikuwa na haya kidogo, akaniambia, "Mama, sisi ni watu wa mupira, tumetoka Salamabila. Tuliambiwa wenyeji watatupokea. Tulipoona vitenge chini tukasema ni hapa."

Na wale wengine wakaangua kicheko. Wanacheka, midomo imejaa mafuta ya mbuzi wangu! Mimi hasira niliyokuwa nameza tangu asubuhi, ya chemchemi, ya shamba, ya mukuta wa jiko, ikapanda yote pamoja. Nikashika muchi nikawafukuza mumoja mumoja, nikawatukana kwa Kizimba na kwa Kiswahili, nao wanakimbilia pikipiki huku wanacheka. Walipokuwa wanatoka mulangoni nikaona mumoja yeye anaingia, muvumbi kuanzia nywele mpaka viatu. Nikasema huyu amechelewa anakuja kumalizia masufuria. Nikatupa muchi, nikabeba lile beseni la maji machafu niliyowanawishia wote, nikamumwagia lote usoni.

Nyuma yake alikuwa amesimama ndugu yangu, mikono kichwani.

Alikuwa Papa Musafiri. Baba mukwe mwenyewe, muzee wa watu, na wazee wenzake wawili na mama mumoja amebeba kikapu. Pikipiki za mashabiki ziliwasukuma kwenye mutaro njiani, ndiyo muvumbi ule. Na walipofika wakakuta mulango umejaa pikipiki za wengine, wakasimama nje ya lupango kwa adabu yao, wakimungojea ndugu yangu aliyebaki nyuma anavuta pikipiki yao mutaroni. Kwa hiyo walisikia. Muzee akajipangusa uso na kiganja, punje ya wali imenasa kwenye ndevu, hakunitukana, hakupandisha sauti. Alisema tu, "Tumesikia binti anasema hatujui sisi." Akageuka. Wenzake wakageuka.

Nilipiga magoti nikaomba, ndugu yangu akaomba, hakuna aliyesimama. Walikuwa wameshafika barabarani wanawasha pikipiki, na mimi naona arusi ya mutoto inaondoka na sababu ni mimi, wakati Neema alinipita mbio. Binti anayeombwa havuki mulango siku hiyo, hata nyumba ikiungua. Yeye alivuka. Akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya pikipiki ya muzee, kichwa wazi, mbele ya mutaa wote na wale mashabiki ambao sasa hata mumoja hakucheka.

"Baba, niliulizwa juu ya wale. Niulizwe juu yenu."

Muzee akamuangalia pale kwenye vumbi. Kisha akanitafuta kwa macho, mimi niliyemumwagia maji.

"Muulize."

Nikamuuliza, barabarani, bila mukeka, bila kitenge. Neema akasema, "Nawajua. Nilipougua malaria kule kwao, huyu baba alinibeba mugongoni mpaka hospitali."

Muzee akazima pikipiki.

Waliingia, wakakaa, na chakula hakukuwa. Bamama wa jirani wakaleta kila mumoja alichopikia watoto wake, mihogo ya kuchoma, sombe ya jana, ndizi, na wakwe wakala bila neno. Lakini wakati wa kuaga Papa Musafiri alimuita ndugu yangu pembeni, akamuambia binti tumemupata, tunashukuru, ila yule shangazi asije kumusindikiza. Shangazi asipomusindikiza binti kwa bwana, ninyi munajua ni aibu gani. Alienda mudogo wangu. Mimi siku ile nilibaki nasugua masufuria, nasikia pikipiki zinaondoka na mutoto wangu, nikalia kwa uchungu na kwa hasira, na sijui kilichozidi.

Na kikombe walichukua walewale. Kwenye nguvu za mbuzi wangu!

Tangu hapo nilijiapiza. Awe mukwe, awe mushabiki, awe askofu, akifika mulangoni kwangu namukazia macho, namuuliza anatoka wapi na amekuja kwa nani, maji baadaye. Wanasema Tantine Riziki amekuwa mukali, hana adabu. Waseme. Juzi amekuja mutu wa pikipiki kutoka Kabambare, nikamuuliza maswali mpaka akakasirika akageuza pikipiki yake aende, nikamukimbilia bila viatu mpaka kwenye kona, ndipo akanipa habari: Neema amezaa musichana, Papa Musafiri mwenyewe amemupa jina Riziki, na ananiita nije kumuogesha mutoto. Nitaenda. Ila nitauliza kwanza kama hakuna mechi.