Keki Arobaini za Mama Makopo

Alhamisi, tarehe kumi na tisa Desemba, mwaka 2024. Ni saa mbili kasorobo asubuhi. Mlango wa chuma wa duka la jumla bado umefungwa, lakini foleni imekwisha kukata kona. Wa saba katika foleni hiyo ni mwanamke wa makamo aliyevaa sweta la mumewe, ameshika kiroba kitupu alichokikunja mara nne.

Watu wa mtaa wake humwita Mama Makopo, kwa kuwa keki zake huzioka ndani ya makopo ya maziwa yaliyokatwa midomo. Leo ni siku ya punguzo la sikukuu, na amekuja kutafuta unga.

"Nusu bei, nusu bei! Punguzo hili lisije likawa la akili zetu," anasema mwanamke aliye nyuma yake.

"Akili gani, shoga? Ungekuwa nazo ungepanga foleni kwa ajili ya ndoo ya plastiki?" anajibu mwingine, na foleni nzima inacheka.

Mama Makopo anacheka pia, ila jicho lake haliondoki kwenye mlango. Kiwanda cha sabuni kilicho mwisho wa barabara kimemwagiza keki arobaini za kuwagawia wafanyakazi kabla hawajafunga mwaka. Kwa wiki ya kawaida yeye huuza keki sita, na faida ya kila moja hainunui zaidi ya mkate mmoja. Hajawahi kupata kazi ya keki arobaini.

Hesabu yake ni fupi. Akinunua vitu kwa bei ya punguzo, faida itatosha nauli ya binti yake mkubwa na karo ya muhula wa kwanza. Binti huyo ana miaka kumi na saba. Alibakiza mwaka mmoja tu shuleni baba yake alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi mwezi wa Agosti na kuumia mgongo. Tangu Septemba anafanya kazi za ndani katika mji mwingine. Mwajiri wake ametaka jibu kabla ya Jumamosi jioni: msichana atarudi kwao, au atabaki mwaka mzima ujao?

"Kila keki nilikuwa naiona kama hatua moja ya mwanangu kuja nyumbani," anasema Mama Makopo. "Arobaini zikitimia, amefika mlangoni."

Mlango unapofunguliwa, watu wanaingia kwa mabega. Mama Makopo anajua aendako. Hajui kusoma, na hilo hamfichi mtu. Sukari huitambua kwa mstari wake mwekundu, siagi kwa picha ya ng'ombe, poda ya kuumulia keki kwa kopo lenye jogoo. Binti yake alipokuwa nyumbani walikwenda dukani pamoja, naye ndiye aliyesoma yote yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, akimtania: "Mama, wewe unanunua mifugo."

Leo unga wa punguzo haumo katika pakiti zake. Pakiti zilichanika njiani, na mwenye duka ameuhamishia katika mifuko myeupe mitupu, kila mfuko umefungwa uzi wenye kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu.

"Kaka, huu ni unga wa keki?"

"Wa keki kabisa, mama. Chukua usogee, wenzako wanasubiri."

Hakudanganywa. Ulikuwa unga wa keki. Anachukua kilo kumi kwa bei ya kilo tano, na trei tatu za mayai yenye nyufa ambayo wengine wameyakataa. Anarudi nyumbani kwa miguu, kiroba kichwani, trei kifuani kama mtoto mchanga.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, majiko mawili yamekwisha kuwaka uani. Juu ya kila jiko kuna sufuria kubwa yenye mchanga ndani. Makopo manne hupangwa juu ya mchanga, kisha mfuniko nao hubebeshwa makaa. Mumewe ameketi kwenye kigoda, mto umeegemezwa mgongoni, anapepea moto kwa kipande cha boksi. Hiyo ndiyo kazi anayoiweza kwa sasa, na huifanya kwa bidii ya kutia huruma.

Beseni la kukorogea ni la kuazima. Ni la wifi yake, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, anayelowekea humo vitambaa, na analihitaji adhuhuri. Kwa hiyo Mama Makopo, ambaye kwa kawaida hukoroga kidogo kidogo, leo anakoroga mara mbili tu: keki ishirini, kisha ishirini nyingine. Siagi na sukari, mayai, maganda ya limau yaliyoparwa, unga, na vijiko vyake vya poda, kama alivyofundishwa na shangazi yake.

Keki nane za kwanza zinapanda kwa pupa. Zinamwagika ukingoni mwa makopo, kisha zinabonyea katikati kama kiti kikuukuu.

"Mke wangu, keki zimepiga magoti," anasema mume.

"Ni makaa yako hayo. Yamelala na maji."

"Makaa yangu? Mimi napepea tu, sikuyachoma."

Anapunguza moto. Nane za pili zinabonyea vilevile. Hapo ndipo Mama Makopo anapofanya jambo ambalo hata leo akilisimulia hushika kichwa kwa mikono miwili. Anaamua kwamba poda imechoka. Mpishi wa makopo hufundishwa kwamba keki ikilala, poda ndiyo huiinua. Basi katika beseni la pili anatia vijiko vya kawaida, halafu anaongeza vingine vitano.

Hazionji. Keki za kuuza huuzwa kwa idadi, na kuonja moja ni kupunguza moja.

Wifi yake anakuja kudai beseni saa sita kamili. Anazikuta keki zimepangwa mezani, zingine zimefurika, zingine zimebonyea, za mwisho zimepasuka juu. Anaangalia huku na huku, anaokota mfuko mweupe sakafuni, anageuza kikaratasi.

"Wifi," anasema taratibu, "uliweka poda?"

"Niliweka. Tena nikaongeza."

"Unga huu umeandikwa umekwisha kutiwa poda. Ilikuwa ni kukoroga tu."

Mume anaacha kupepea. Wifi anamega keki moja na kuitia mdomoni, kisha anaugeukia ukuta ili asionekane akiitema. Mama Makopo anamega pia. Ni chungu, na uchungu wenyewe unashika ulimi haubanduki.

"Rahisi huvunja upishi," ananong'ona mume, akikumbuka usemi wa wazee.

"Usemi huo ungeniambia jana, Baba. Leo unanichoma mwiba mahali palipokwisha kuchomwa."

Mume anashauri wazipake sukari juu ili mabonde yajae na uchungu upungue. Mama Makopo anakataa. "Zitaliwa na watoto wa watu," anasema. "Mtoto akikunja uso siku ya sikukuu, atanikumbuka mimi mpaka anazeeka." Unga mwingine hakuna, na fedha alizotangulizwa na kiwanda kwa ununuzi zimekwisha dukani.

Jumamosi saa nne asubuhi, karani wa kiwanda, dada mmoja nadhifu mwenye daftari kwapani, anasimama uani. Mama Makopo hamwachi azihesabu. Anakata kipande, anakiweka kwenye kisahani.

"Onja kwanza, dada."

Karani anatafuna mara mbili. "Mama Makopo," anasema, "sabuni tunapika wenyewe kiwandani."

Mama Makopo anacheka, kwa sababu ni mzaha mzuri. Halafu anaona kwamba karani hacheki.

"Sina ubaya na wewe, mama yangu. Ulichokwisha kupewa, kaa nacho, nitasema mimi. Lakini kilichobaki siwezi kukupa, na mwakani sitaweza kulitaja jina lako. Watu mia wananitazama." Anashukuru kwa kuambiwa ukweli, anaondoka. Wafanyakazi wa kiwanda waligawiwa biskuti.

Saa kumi jioni simu ya wifi inaita. Ni binti, kwa simu ya mwajiri wake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeshakula?"

"Nimekula. Mama, bosi anataka jibu, amekaa hapa sebuleni. Keki zimetoka?"

"Zimetoka."

"Basi nifunge mizigo?"

Mama Makopo anamtazama mumewe, na mumewe anatazama chini.

"Baki, mwanangu. Baki kwanza."

Upande wa pili mtoto wa watu analia akitaka kubebwa.

"Mwaka mzima, Mama?"

"Niliukosea unga."

Binti hakuuliza kosa lilikuwa lipi. Mama yake anadhani alilielewa papo hapo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akisoma. "Sawa, Mama," alisema. "Yaoshe makopo mapema, yasishike kutu. Ngoja nimbebe huyu mtoto." Kisha simu ikakatika.

"Angenilaumu ningepumua," anasema Mama Makopo. "Alipoondoka yeye ndipo macho yangu yalipoondoka, na macho yalipoondoka nikapoteza cha kumrudishia. Nikizunguka huku naangukia kule, kule naangukia huku. Niambie, mtu hutokea wapi humo?"

Keki walizifukia nyuma ya choo, thelathini na tisa. Moja mume aliila yote, kipande baada ya kipande, mbele ya mkewe, akasema si mbaya. Ni mara ya kwanza katika miaka ishirini ya ndoa kumsikia akisema uongo, na mkewe anasema heri asingesema.

Mwezi Januari darasa la watu wazima litafunguliwa, mara mbili kwa wiki, mchana. Mama Makopo amekwisha kwenda kuandikisha jina lake. Aliyemwandikia alikuwa mtu mwingine, yeye alitia dole gumba. "Nitakwenda," anasema. "Lakini sikudanganyi kwamba nina furaha. Nitakapoweza kusoma mfuko wa unga, mwanangu atakuwa amekwisha kulea watoto wa watu mpaka shule imemsahau. Ninachotaka ni kwamba akirudi, siku yoyote atakayorudi, nimsomee mimi."

Msomaji, usilikunje gazeti hili na kulifungia vitumbua. Mpe jirani yako. Na kama jirani yako hajui kusoma, keti naye umsomee simulizi hii kwa sauti. Kisha, kabla hujainuka, muulize kama kuna mfuko wowote jikoni kwake ambao angependa kujua umeandikwa nini.