Jiwe la Kupengea

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliletwa kutoka Dar es Salaam kupumzika kwangu, na baridi ya Lushoto ikampokea kama inavyowapokea watoto wote wa joto. Hakumaliza hata siku mbili, pua ikaanza kuchuruzika. Baada ya siku chache mama yake, mke wa mwanangu, alimpengesha kwa tishu nyeupe, akaitazama, akaruka.

"Mama, limekuwa la kijani! Nampeleka duka la dawa sasa hivi, wampe antibayotiki."

"Lete nione," nikamwambia.

"Uone nini, Mama?"

"Hilo kamasi."

Alicheka, akidhani namtania. Alipoona nimevaa miwani na nimenyoosha mkono, akaificha tishu nyuma yake. "Mama jamani, kinyaa!"

Mjukuu mwenyewe ndiye aliyeichukua akaniletea. Niliitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nikamgusa mtoto shingoni, hana homa. Nikamuuliza kama uso au sikio linamuuma, akatikisa kichwa, mdomo umejaa gimbi. Nikasema tungoje. Mkwe wangu ni mtu mwema na ana haki ya kumwogopea mwanawe, sikumcheka. Lakini neno lile, kinyaa, lilinikaa. Mimi ni mtu mzima ninayeitwa bibi na mtaa mzima. Nimefundisha watoto Qur'ani, nikafundisha na watoto wao. Sioni haya kutazama kamasi, na sitaona. Kaa kidogo nikueleze kwa nini.

Nyumba tuliyokulia ilikuwa kwenye mgongo wa mlima juu ya Lushoto, mahali ambapo ukitoka nje asubuhi ya kipupwe huuoni hata mgomba ulio mbele ya mlango. Maji yalitufikia kwa mfereji wa mianzi iliyopasuliwa, kutoka chemchemi iliyo juu ya shamba, yakamwagikia jiwe pana la kijivu lililolainishwa na nyayo za watu wa zamani. Hapo ndipo tulipotawadha. Maji yalikuwa ya kukata vidole. Wazazi wetu walikuwa wakichuma chai kwenye shamba la mbali, kwa hiyo aliyetulea mimi na mdogo wangu wa kike ni bibi, mama yake baba. Kila alfajiri alisimama kando ya jiwe, kanga imefungwa kifuani, akitusimamia.

"Pandisha maji puani. Haya, penga. Penga kwa nguvu, pua haivunjiki!"

Kabla maji hayajalisukuma kamasi likaenda zake, aliinama akalitazama pale juu ya jiwe, kwa makini yaleyale aliyotazamia mbegu za maharage kabla ya kupanda. Likiwa kama maji, alisema ni baridi tu, au vumbi la maharage tuliyopiga jana yake. Likiwa jeupe na zito, alisema mafua yako njiani, na siku hiyo ulipewa uji wa moto wenye tangawizi. Likigeuka la njano, alisema mwili umeamka unapigana, tuuache upigane. Hata la kijani halikumtisha peke yake. Kwake ilikuwa rangi ya mwili ulioko vitani kwa siku kadhaa. Uzi mwekundu ulimfanya akitazame kidole chako ulichojichokonolea, si pua. Alichokiogopa ni rangi iliyokaa wiki baada ya wiki, au iliyokuja pamoja na homa kali, au na kifua kinacholia. Hapo aliacha kutazama jiwe akamtazama mtoto.

Kulikuwa pia na kamasi jeusi. Hilo hakulisemea kitu. Tulikuwa nalo sisi wasichana kila siku, na yeye alikuwa nalo, tukadhani ndiyo rangi yetu.

Lazima nikuambie tulivyoishi, ndipo uelewe. Moto ulikuwa ndani ya nyumba, juu ya mafiga matatu, na hapakuwa na dirisha. Juu ya moto kulikuwa na dari ya miti, na juu ya dari ndiko yalikokaa mahindi ya mwaka mzima, yakiwa na maganda yake. Moshi ulipanda, ukayakausha mahindi, ukawafukuza fukusi. Moshi ulikuwa mlinzi wa chakula chetu, na hakuna mwenye akili aliyetaka utoke. Wavulana wa ukoo walilala kwenye kibanda chao nje. Sisi wasichana tulilala kando ya mafiga, tukichochea kuni mbichi za miti ya miwati, na ndizo zenye moshi kuliko zote. Mpaka leo nikifumba macho naisikia ile harufu: moshi, maharage yanayotokota, mboga ya mchunga inayokatwa, na kanga ya bibi.

Chuoni tulikosoma Qur'ani tulitawadha tena, wavulana na wasichana kwa zamu, kwenye mfereji mmoja. Asubuhi moja mwalimu wetu alisimama karibu, akaona. Alikuwa mtu wa utani.

"Ajabu hii," akasema. "Wavulana wanapenga maji, wasichana wanapenga wino. Nani kati yenu amekunywa wino wangu?"

Wavulana walianguka kwa kicheko. Toka hapo wakatuita chupa za wino. Mimi nilifunika uso. Mdogo wangu hakufunika. Alikuwa mwembamba kama ufito, kifua chake kilipiga mluzi tangu utotoni, lakini ulimi wake haukuwa na ugonjwa wowote.

"Huu ni moshi wa ugali wanaokula hao wanaocheka," akasema, kisha akakohoa mpaka akashika magoti.

Mwalimu aliacha kucheka. Alimsubiri akamaliza kukohoa, akamwambia, "Umesema kweli, binti. Nisamehe." Wavulana nao wakarudi kutawadha, ingawa jina la wino halikufa siku ile.

Ni mwalimu huyohuyo aliyemchagua mdogo wangu afungue Maulidi ya kijiji kwa kisomo, peke yake, mbele ya watu wa vijiji vyote vya jirani. Hakuna aliyehifadhi haraka kama yeye. Tatizo lilikuwa pumzi. Kila akifika kwenye aya ndefu, hewa ilimwishia, akaikata aya katikati, akavuta pumzi kwa sauti kama mtu anayezama.

"Pumzi yako fupi," mwalimu alimwambia kwa upole. "Mimi nitakungoja. Lakini Maulidi hayatatungoja. Ukishindwa nitampa mwingine, na isikuumize."

Ilimuuma. Alifanya mazoezi akipanda mlima na mtungi, akifua, akipukuchua mahindi. Na kadiri alivyojitahidi, ndivyo kifua kilivyobana. Kipupwe kikaingia, ukungu ukashuka, milango ikafungwa, moto ukakokwa tangu alfajiri hadi usiku. Kamasi lake likawa la kijani na halikubadilika tena, likachanganyika na jeusi. Wiki zikapita. Asubuhi moja bibi alilitazama jiwe, akamtazama mtoto, akambeba mgongoni, akaniambia nifuate na kanga ya kumfunika. Tukateremka hadi zahanati ya bondeni.

Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza mdogo wangu kifua mbele na nyuma, akamwambia apenge kwenye kitambaa cheupe.

"Shikamoo, bibi, sikukusalimu vizuri," akasema akikitazama kitambaa.

"Marahaba. La kijani, unaliona?"

"Naliona. Limekaa mno, na dawa nitampa. Lakini hili jeusi mbona hulisemi?"

"Hilo ni letu," bibi akajibu.

"Lenu kutoka wapi? Mnapikia wapi?"

"Ndani."

"Na mtoto analala wapi?"

Bibi alimfunika mdogo wangu kanga vizuri. "Palepale," akasema.

"Basi bibi yangu, kifua hiki kimebanwa, na moshi ndio unaokikaba. Nitakupa dawa, lakini itakuwa inapigana na moto wako kila usiku."

Njia nzima ya kurudi bibi alimbeba mdogo wangu mgongoni. Alisimama mara moja tu kupumzika, pale unapoona milima ya upande wa Gare, akapenga pembeni mwa njia, akainama kutazama chake mwenyewe. Kisha akanyanyuka tukaendelea.

Kesho yake, baada ya uji, alichukua jembe akaanza kuupiga ukuta juu ya mafiga, karibu na paa. Udongo uliruka. Babu mdogo, yaani mdogo wake marehemu babu, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo, alizisikia kelele akaja mbio.

"Shemeji! Umepandwa na nini?"

"Natoa moshi."

"Unafungulia fukusi mlango! Yale mahindi ni ya mwaka mzima."

"Nayajua. Niliyalima mimi."

"Mama yangu alikaa ndani ya moshi, na mama yake. Wakafa wazee."

"Wakafa wakikohoa, shemeji. Mimi ndiye niliyewaosha."

Babu mdogo aligeuka huku na huku kutafuta mtu wa kumsaidia, akaniona mimi, akaona siwezi kumsaidia. "Haya. Yakioza, usije kwangu na kapu."

"Sitakuja. Fukusi na wale mahindi, lakini moshi haunilii mtoto."

Akainua jembe akaendelea. Tundu lilipotokeza upande wa pili, mwanga uliingia ndani ya nyumba ile mahali ambapo haukuwahi kufika, nikaona ukuta wetu ulivyokuwa mweusi wa kung'aa. Ukungu ukaingia, moshi ukatoka, vikapishana palepale kwenye tundu. Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye mkeka. Alicheka. Usiku tulitetemeka kwa baridi, tukalala watatu chini ya blanketi moja, naye bibi akatuhamishia mbali na mafiga.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Fukusi walikuja, kama babu mdogo alivyosema. Bibi alichanganya mahindi na majivu, akaokoa mengi, lakini mengine yalibunguliwa yakabaki maganda. Tulichekecha unga, tukachekecha tena. Kuna siku tulikula magimbi asubuhi na viazi jioni. Babu mdogo alipita na fimbo yake akauliza, "Shemeji, wageni wako wameshafika?"

"Wamefika, wanakula," bibi akajibu akipepeta. "Na sisi tunakula. Karibu."

Bibi hakwenda kwake na kapu.

Na kwenye jiwe, kila alfajiri, aliinama. Jeusi likawa la kijivu. La kijani likawa la njano, kisha jeupe. Siku kamasi la mdogo wangu lilipokuja kama maji ya chemchemi, bibi aliyaacha maji yalichukue, akasema alhamdulillah kwa sauti ambayo mpaka leo nikiwa katika swala huisikia. Kifua hakikunyamaza kabisa, lakini usiku alilala, nasi tukalala.

Siku ya Maulidi watu walijaa uwanjani mpaka kwenye mikaratusi. Mdogo wangu alikaa kwenye mkeka mbele, mtandio mweupe, mikono juu ya magoti. Alianza vizuri. Alipokaribia ile aya ndefu nilimwona mwalimu ameinamisha kichwa, na babu mdogo ameshika fimbo kwa mikono miwili. Mimi nilivuta pumzi pamoja naye. Sauti ilikwenda, ikapanda, ikafika pale ilipozoea kukatika, ikapita. Ikafika mwisho wa aya, ikatulia. Ndipo nilipogundua kwamba mimi sijapumua.

Alipomaliza alikohoa, watu wakasema Mashaallah juu ya kikohozi chake. Bibi alipenga kwa pindo la kanga. Nilimwona akilitazama.

Kipupwe kilichofuata, kulikuwa na tundu kwenye ukuta wa jikoni kwa babu mdogo. Alisema ni panya. Bibi alimpa pole kwa panya wake, wakacheka wote wawili. Sina kinyongo naye. Alikuwa akiogopa njaa, na njaa aliijua.

Sasa nyumba ile imeanguka, mianzi imebadilishwa na bomba, na jiwe lilipondwa kokoto walipojenga barabara. Bibi amelala chini ya migomba yake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nikienda kwenye harusi, nasikia watu wa umri wangu wakisema, ah, ugali wa siku zile ulikuwa na ladha ya moshi, siku hizi gesi imeharibu chakula. Nawauliza, "Wewe uliupika?" Wengi ni wanaume. Nayakumbuka yote ya nyumba ile kwa shukrani, mchunga, maharage, baridi, watatu chini ya blanketi moja. Moshi siukumbuki kwa shukrani. Na nikipita kijiji chochote cha milima hii nikaona moshi umejaza nyumba, na msichana anatoka mlangoni akijifuta pua, nabisha hodi. Wananiona mzee mkorofi. Na waone hivyo.

Mdogo wangu yuko hai. Anatembea na kile kidude cha kuvuta dawa kwenye mkoba, na bado anasoma aya ile bila kuikata.

Mjukuu wangu alipona bila kidonge, ingawa nilimwambia mama yake wazi kwamba homa ingepanda, au uso ungemuuma, au hali ingeendelea bila nafuu, ningekuwa wa kwanza kwenda naye hospitali. Alfajiri ya siku waliyoondoka, nilikuwa bafuni natawadha. Niliyapandisha maji puani, nikapenga, nikainama kwenye sinki chini ya taa.

Mkwe wangu alikuwa mlangoni, kashika mswaki. "Mama, unatazama tena?"

"Natazama," nikamwambia. "Njoo na wewe utazame lako."

Akaingia, akafungua maji, akainama kwenye sinki.