Kufunga Meza Jumapili

Papa yangu alikuwa na baa karibu na stesheni ya Kalemie, na ndani ya baa meza moja ya biliyari. Watu walikuja kwa ajili ya meza, bia ikafuata. Jumapili jioni, aliyewashinda wenzake wote alicheza mchezo wa mwisho na mwenye meza. Mwenye meza akishinda, tulisema amefunga meza. Akishindwa, mshindi alikunywa bure mpaka Jumapili nyingine, yeye na marafiki zake. Na marafiki wa mshindi, wee, hao hawaishi!

Papa alifunga meza miaka yote. Kisha kifua kikaanza kumsumbua, akataka kurudi kwao Kirungu, juu milimani, kwenye hewa ya baridi na shamba lake la maharagwe. Nani abaki na baa? Mume wa dada yangu alishaanza kutembea mle ndani kama mwenye mali. Lakini mimi ndiye niliyefagia, mimi niliyepokea makreti, mimi niliyeijua ile meza mpaka mahali kitambaa kilipochakaa. Nikamwambia Papa aniachie.

"Utaweza kufunga meza?" akaniuliza.

"Nitaweza."

"Basi funga hata Jumapili moja, nione. Baa itakuwa yako. Usipofunga mpaka siku nitapanda boti ya Moba kurudi Kirungu, nitamupa shemeji yako."

Sikuogopa hata kidogo. Mngeniona siku za kazi asubuhi, kabla ya wateja! Mipira iliingia tu, hata Papa mwenyewe nilimshinda, akasingizia macho. Lakini Jumapili nikacheza na makanika mmoja wa garimoshi, mtu wa kucheka kwa sauti. Ukabaki mpira mweusi, wa mwisho, kule mbali karibu na shimo. Nikainama, nikapiga. Ukagonga ukingo, ukarudi. Jumapili iliyofuata, yaleyale. Makanika akanywa, rafiki zake wakanywa, na rafiki za rafiki zake.

"Woga njo shida yake," shemeji akasema. "Mwanamuke akitazamwa na bantu, mukono unatetemeka."

Papa akatikisa kichwa kukubali, na hapo ndipo roho iliponiuma. Woga wa watu? Mimi? Mimi niliyekamata walevi kwa kola nikawatoa nje? Mkono wangu naujua, haukutetemeka.

Mtoto wa mama yangu mkubwa alikuwa na kamera ya video, ile kubwa ya kuweka begani. Alipiga video za harusi mji mzima. Nikamwambia, "Kaka, kuja Jumapili, unipige nikicheza."

"Nani anaoa?"

"Kuja tu."

Akaja, akafanya alichozoea. Jumatatu mchana tukatazama kaseti kwake. Uso wangu. Hereni zangu. Uso wa Papa. Hereni tena. Chupa zimepangwa vizuri. Nilipokosa mpira mweusi, kamera ilikuwa inamtazama shemeji akitabasamu.

"Kaka, mimi si bibi harusi! Weka kamera kule kwenye kona, juu ya kiti, nionekane kichwa mpaka miguu. Halafu uiache. Usiiguse!"

"Video gani hiyo, haina sura za bantu?" Alinung'unika, lakini alifanya. Akanipiga asubuhi moja ya kazi, kisha Jumapili tena. Jumapili ile nikashindwa tena, na shemeji akaanza kupima ukuta, eti ataweka dirisha.

Tukatazama zote mbili. Nilichuchumaa mbele ya televisheni, nikawa nasema, "Rudisha. Rudisha tena." Mkono ulikuwa umetulia tuli, siku zote mbili. Nikashuka na macho mpaka miguuni, nikapiga yowe, mke wa kaka akatoka jikoni mbio.

Siku za kazi nilivaa kikwembe cha zamani, kitenge cha kujifunga kiunoni, kimelegea, miguu ikapanuka ilivyotaka. Jumapili nilitoka misani na kikwembe kizuri, kimebana, kama inavyompasa mwanamke anayejiheshimu. Miguu haikuachana. Mpira wa karibu haukunisumbua, lakini nikiinamia wa mbali kiuno kiligeuka, na fimbo ikakifuata. Woga, eti! Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikakasirika upya.

Suruali? Wakati ule wa Zaire mwanamke alikatazwa suruali; aliyeivaa alijitafutia maneno na maaskari, na mama yangu angefika kabla yao. Nikapeleka kikwembe kwa mshonaji, akanitolea sketi pana ya marinda, ndefu mpaka chini.

"Umekata kikwembe cha misa?" Mama akashika kichwa.

"Nimekikata, Mama."

Nikafanya mazoezi nayo kila asubuhi, kaka akiacha kamera kwenye kona, mpaka kwenye kaseti sikuweza tena kujua ipi ni Jumapili na ipi ni siku ya kazi.

Jumapili ya mwisho, boti ya Papa ikiwa inaondoka kesho yake, baa ilijaa. Shemeji alileta ndugu zake waje kuona.

"Mama, na leo tutakunywa vizuri!" makanika akanipigia kelele.

"Utakunywa, papa," nikamjibu. "Lakini utalipa."

Mchezo ukabana. Ukabaki mpira mweusi, kule mbali. Nikapanua miguu chini ya marinda, nikainama. Shemeji alisema neno, watu wakacheka, nikawaacha wamalize. Nikapiga, mpira ukaenda moja kwa moja, ukaanguka shimoni.

Kelele iliyotoka mle ndani, sijui niiseme vipi. Makanika mwenyewe alinipa mkono. Shemeji alikuwa anatafuta kofia yake.

Papa alitoka nyuma ya kaunta, akazunguka polepole, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona amekaa pale.

"Mama patroni," akaniita, kama mteja anavyomwita mwenye baa, "uniletee bia moja, ya baridi."

Nikampelekea. Akaingiza mkono mfukoni, akanilipa. Nilizipokea zile pesa nikilia, mbele ya watu wote.