Nyuki Waliokuwa Bado Hawajapatana

Enzi zetu kule Bihambwe, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala, watoto hatukuhitaji redio ili tupate burudani. Kundi la nyuki likihama na kujining'iniza kwenye tawi, basi siku hiyo maharagwe hayapaliliwi. Wakubwa walitoa mizinga mitupu, wakaipaka nta na mchaichai kwa ndani, kila mmoja akauweka wake mahali alipoona panafaa. Baada ya hapo ilikuwa mwiko kuwagusa nyuki. Waliuchagua mzinga wenyewe, na mwenye mzinga huo ndiye aliyekula asali.

Sisi tulichuchumaa chini ya tawi, viazi vya kuchoma mikononi, tukibishana watakwenda kwa nani. Nyuki wachache waliotoka kukagua mizinga walirudi wakicheza juu ya migongo ya wenzao, huyu akitikisa kiuno kuelekea mzinga alioupenda huku, yule kule. Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu. Kisha waliosifu mzinga mbovu walichoka, wakaacha, na wachezaji wa upande mmoja wakazidi kuongezeka mpaka wote wakaelekea kumoja. Hapo ndipo kundi zima liliporuka. Mama alipenda kutuambia, "Muangalie muzuri, pale hakuna chefu wa kuamuru wengine kwa makelele."

Mwaka ambao dada yangu Agnesi alichumbiwa, kundi lilitua kwenye mpera wetu, Jumamosi jioni. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alifurahi kupita kiasi. Kesho yake, mbele ya kanisa, akajigamba kwa kila aliyemsalimia kwamba asali ya kuwapokea wakwe itatoka mzingani mwake. Bahati mbaya, mchana huo wachezaji walianza kugeukia bondeni, kwenye mzinga wa Mama Josefina, mjane jirani yetu. Watu waliotoka misani walikuwa wamesimama uani kwetu, na wengine wakaanza kutabasamu. Papa akaingia jikoni, akatoka na kapu na fungu la majani yanayofuka moshi.

"Papa Agnesi, ngoja kidogo," Mama Josefina akamwambia. "Nyuki bado haiyapatana."

"Iko mu muti yangu, njo yangu!" Papa akafoka: mti wake, basi na nyuki wake.

Akalitikisa tawi. Kundi likaangukia kapuni, akalimwaga mzingani mwake na kuuziba mdomo wa mzinga kwa majani ya mgomba. Hakuna aliyemzuia. Wakubwa walitazama chini, wakaaga kwa upole mmoja mmoja, na upole ule ndio uliotuchoma. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Asubuhi Papa alipozibua, nyuki walitoka ovyo, wengine huku, wengine kule. Malkia wao alikuwa amekufa, amebanwa na kapu. Wakarudi kwenye mpera ule ule wakajishikilia, na mvua baridi ya milima yetu ikawakuta pale. Jioni tuliwafagia uani kwa ufagio wa Mama, Papa akiwa ndani, mlango umefungwa. Hakuna jirani aliyetutukana. Ila tangu siku ile, kundi likitua kwa watu, sisi watoto wa nyumba ile hatukuitwa.

Siku ya ndoa, Mama Josefina alikuja na kibuyu cha asali ya mzinga wake wa zamani, akakiweka mbele ya wakwe. "Hii iko ya Papa Agnesi," akasema, akaenda kukaa nyuma na wanawake wengine. Papa hakuweza kuinua macho. Nilimwonea aibu baba yangu, kisha nikajionea aibu mwenyewe kwa kumwonea aibu.

Watoto wa siku hizi asali wanaijua ya chupa ya plastiki, na nyuki wanawajua kwa kupiga kelele na kukimbia. Kikao cha familia wanakimaliza kwenye simu kabla chai haijapoa. Juzi wanangu walikuja kunijulisha kwamba nahamia Goma. Wamekwisha kuamua, na hakuna aliyeniuliza. Nilifungua mdomo niwagombeze, niwaambie kwamba enzi zetu tulingoja hata nyuki wapatane. Nikamwona Papa na kapu lake chini ya mpera, nikafunga mdomo.